Bwana ya Nkambo

Kwetu, nkambo mwanamuke anaita mujukuu yake mwanaume «bwana yangu». Haiko zambi, haiko haya, iko muchezo ya bankambo tangu zamani. Bwana anarudia ku masomo, muke anamungoja pa mulango: «Bwana yangu, umeniletea nini leo?» Bwana ya miaka mitano anatosha jiwe mu mufuko, anamupatia. Bote babili banacheka. Njo vile Aaron, mutoto wangu, alikulia mu mikono ya mama yangu Albertine, hapa Kasungami, juu miye natumika mu farmasi mu mujini na baba yake iko siku zote ku mine ya shaba, kule Kolwezi.

Miye sasa nilitaka Aaron aingie ku masomo ya privé, yenye jina. Kule batoto banatoka munganga, banatoka wakili. Hapa kwetu banatoka na kikohozi ya vumbi. Lakini zile masomo hazikamate mutoto ovyo ovyo. Kuko examen, hata kwa katoto kenye bado kanakojoa mu kitanda. Anahesabu, anasema marangi, kiisha mama directrice, mukubwa wa masomo, anamuuliza maneno ya nyumbani, yote mu Français. Wewe muzazi unakaa nyuma, mudomo kufunga.

Ya kwanza tuliifanya ku masomo moja mu mujini. Aaron akahesabu muzuri, akaruka tu nane. Directrice akamuuliza: «Ku nyumba unaishi na nani?» Aaron akanyoosha shingo, akajibu na Français yake yote: «Na papa, na maman, na muke wangu.»

«Muke wako?»

«Ndiyo. Anaitwa Albertine. Hana meno ya mbele, lakini anapika muzuri.»

Mama yangu we! Nilitaka udongo inimeze. Directrice hakucheka. Alivua miwani, akaniangalia miye, sawa vile nyumba yetu iko ya washenzi. Aaron bakamukatala. Pengine ilikuwa juu ya ile nane, sijui. Miye nilisema ni juu ya ile muke.

Nikafika nyumbani hasira inanitoka mpaka ku masikio. Mama alikuwa anachambua majani ya sombe pa kizingiti.

«Mama, unaniharibishia mutoto!»

Nikamuelezea. Akaanza kucheka, kisha akaona uso yangu, akaacha.

«Sasa niseme naye namna gani, Claudine?»

«Français.»

«Sasa Français miye naitosha wapi?»

«Basi usiseme naye. Mpaka examen ya masomo ingine, ile ya Karavia, ipite, usiseme naye hata neno.»

Eh. Nilisema vile, ku mama yenye kunizaa. Ye akajibu tu: «Sawa, mama.» Akarudilia sombe yake.

Tangu siku ile tukaingia mu kazi. Kila magaribi Aaron pa kiti, miye mbele yake. Nani anaishi ku nyumba yako? Baba, mama na miye, mu Français: Papa, maman et moi. Tena. Papa, maman et moi. Siku moja akasahau, akasema «na muke wangu», akacheka mwenyewe. Miye nilikuwa natoka kusonga bukari, mwiko mu mukono. Nikamuchapa nayo pa vidole. Nikasema: «Ile ni faute, ni kosa! Unasikia? Faute!» Mama alikuwa pa mulango, aliona yote. Akashika kichwa, akatoka inje.

Na ye alishika ahadi kunishinda miye. Alimuogesha mutoto kimya, alimupatia chakula kimya. Mu siku za kwanza Aaron alimufuata fuata, anamuvuta kikwembe: «Muke wangu! Eh, muke wangu!» Mama ananionyesha na mudomo, kiisha anaweka kidole pa midomo yake. Mutoto akachoka, akaacha kumufuata. Na miye, nisiwadanganye, nilifurahi. Nilisema: sasa njo nyumba ya bantu benye kusoma.

Siku ya Karavia, mama aliamuka mbele yetu, akapiga pasi chemise ya Aaron, akatusindikiza mpaka ku barabara. Alinyanyua mukono tu.

Kule bakamuuliza. Nilifunga macho.

«Papa, maman et moi.»

«Njo bote?»

«Njo bote, madame.»

Directrice akanipatia mukono pale pale: «Tunamukamata, mama. Mutoto iko muzuri.» Mu taxi nililia na furaha. Nilimununulia Aaron Fanta. Lakini ile «njo bote» ilianza kunikwaruza, nikaimeza na Fanta.

Mama alikuwa anangoja pa mulango ya lupangu ya nyumba, amevaa kikwembe ya kanisa. Nyuma yake kuku ilishaiva, harufu inafika mpaka ku barabara. Kwake ye, examen imeisha, mudomo imefunguliwa. Akafungua mikono: «Bwana yangu! Umeniletea nini leo?»

Aaron akaniangalia miye kwanza. Kiisha akamuambia, polepole, na adabu: «Miye sina muke.»

Mama akabakia na mikono wazi. Kiisha akacheka, ile kicheko yake ya bila meno. «Haya basi,» akasema, «niko mujane mara ya pili.» Baba yangu tulimuzika tangu zamani. Akaenda kutupakulia kuku, na ye hakukula.

Niko na haya. Nasema wazi, niko na haya, siwezi kumuangalia mama yangu mu macho. Majirani banapita banatupongeza, kila pongezi inanichoma.

Jana magaribi nikamukalisha Aaron tena pa kiti. Mama alikuwa inje, anatwanga sombe.

«Aaron, nani anaishi ku nyumba yetu?»

«Papa, maman et moi.»

«Na nani tena?»

Akaangalia mulango. Inje muchi ya mama ikanyamaza.

«Na nkambo Albertine,» nikasema, kwa nguvu, ili asikie. «Muke wako! Unakumbuka, papa? Ile muchezo yenu. Muite, muite muke wako.»

Mutoto akaficha mikono yote mbili nyuma ya mugongo.

«Hapana, maman. Ile ni faute.»

«Haiko faute, papa. Ni miye nilikosa.»

Aliniangalia sawa vile namutega. Mikono ikabakia nyuma ya mugongo. Inje, muchi ikaanza tena kutwanga.