Jumanne ya Delos

Miaka ishirini na sita nilitandika vitanda vya wageni hotelini kisiwani Mykonos, Ugiriki, na kila nilipokung'uta shuka dirishani nilikiona kisiwa cha Delos ng'ambo, kimejilaza na magofu yake. Sikuwahi kufika. Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu, enzi hizo, Delos ilifungwa.

Sasa nimestaafu, niko kwetu Karditsa, tambarare isiyo na bahari hata ya kuogea bata. Juni hii nikatandaza ratiba ya meli mezani jikoni, nikaandika kwa kalamu nyekundu: Mykonos, Delos, Naxos. Siku tisa.

Mwanangu Thrasos akaisoma, akakuna kichwa. "Mama, tarehe kumi na tano Agosti uko Naxos?"

"Mchangani, nimeanikwa kama pweza."

"Sikukuu ya Bikira Maria! Ukoo mzima unakuja kijijini. Nani atapika mbuzi?"

"Miaka yote hiyo mbuzi amenijua mimi tu? Basi atambulishwe kwa wengine."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema Polixeni amekwenda. Kwa mara ya kwanza watakuwa wamesema kweli."

Aliposhindwa akamwita shangazi yake Asimina, dada wa marehemu mume wangu. Asimina ndiye msomaji wa vikombe katika ukoo: ukimaliza kahawa unakifudikiza kikombe kwenye kisahani, naye anasoma mashapo. Mashapo hayo yana adabu sana, hayajawahi kumpinga. Yalishavunja uchumba mmoja na kuzuia trekta lisiuzwe. Mimi mwenyewe yalinizuia kusafiri mara mbili, nikatii kama mjinga.

Nikapika kahawa. Asimina akainywa yake kwa pupa, akakifudikiza kikombe kwa mazoea, kisha akaenda barazani kumfokea mbwa wa jirani. Aliporudi akakaa, akakivuta kikombe kilichofudikizwa mbele yangu.

"Maskini wifi yangu," akaanza kabla hata hajakiinua vizuri. "Njia imezibwa na mlima. Maji meusi. Aliyekunywa hapa asivuke kizingiti cha kijiji Agosti yote. Nakiona kifo."

"Delos hakuna kufa, wifi. Wazee wetu wa kale walipiga marufuku. Mgonjwa alihamishwa akafie kisiwa cha pili. Ndiyo mahali salama kuliko pote Ugiriki."

"Unakichezea kikombe!"

"Sikichezei. Ni chako, nilikisogeza kwangu ulipokuwa barazani." Nikainua kitambaa cha mkate. Chini yake kahawa yangu ilikuwa imejaa pomoni, imepoa. "Mimi sijaonja hata tone. Wewe ndiye uliyekunywa hicho."

Asimina akatazama mashapo, akanitazama, akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu. Thrasos alikuwa ameuma ngumi asicheke.

"Pengine ule si mlima," akasema Asimina polepole.

"Ulisema mlima, shangazi," Thrasos akadakia. "Nimesikia."

"Basi usivuke kizingiti cha kijiji, wifi," nikasema. "Na kwa kuwa utakuwepo Agosti yote, mbuzi ni wako. Tia limau mwishoni, si mwanzoni."

Nikachukua simu pale pale, wote wawili wakinisikiliza, nikaagiza tiketi ya boti ya kwenda Delos. Jumanne, tarehe kumi na tatu.

Asimina akaguna. Kwetu Jumanne ni siku ya mkosi; mwenye akili haanzi safari, sembuse ikiangukia tarehe kumi na tatu.

"Mama, siku hiyo nafasi ni tele," akasema kijana wa tiketi.

"Najua, baba. Nipe ya mbele kabisa."