Salamu Wakati Jiwe Linazunguka

Kama kuna mtu anayeweza kunieleza kwa nini ni lazima nisalimiwe nikiwa nimeshika grenda, aje huku ufukweni Kibirizi anieleze. Nitampa na kiti akae, maana nimechoka kuuliza nikiwa nimesimama.

Naitwa Marcelina, ni fundi wa boti. Siku zile nilikuwa nafufua boti ya marehemu baba yangu. Mwezi ulikuwa mkubwa, na kwetu mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazina kazi. Dagaa hawazifuati, kwa hiyo boti zote zinavutwa nchi kavu na kila mwenye boti anaziba, anagonga, anapaka rangi. Giza likirudi, watu wanarudi majini. Baba Mkubwa Leonardi, kaka yake baba na ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshatamka: giza likirudi boti hii bado iko mchangani, anaiuza kama mbao.

"Boti isiyoingia majini ni kuni tu," alisema. Boti iliyonisomesha mimi, kuni.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Chini ya boti kuna ukanda wa chuma unaokinga mti mkuu, na bolti zake zilikuwa zimeliwa na kutu hadi hazina vichwa vya kushika kwa spana. Dawa yake ni moja tu, kuzikata kwa grenda, moja baada ya nyingine, ndipo mbao zilizooza zitoke na mpya ziingie.

Sasa grenda si panga. Lile jiwe lake la kukatia linazunguka kwa kasi ambayo jicho haliioni, na likibanwa ndani ya chuma, mashine inapiga teke na kwenda inakotaka yenyewe. Ndiyo maana nina masharti yangu. Kava la jiwe halitoki. Miwani haivuliwi. Mikono yote miwili kwenye mashine. Na jiwe likiwa linazunguka, mimi simwoni mtu, hata waje askofu na shehe wameshikana mikono.

Lakini sisi ni watu wa salamu. Asubuhi kwetu huwezi kumpita mtu kama unapita nguzo ya umeme. Unasema "Mwakeye," unatoa mkono, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi. Kwa mkubwa, mwanamke anakunja goti na kutoa mkono wa kulia, ule wa kushoto umeshika kiwiko. Ni desturi nzuri, nimelelewa nayo, na sijawahi kusema ni mbaya. Ila jaribu kukunja goti ukiwa na grenda mkononi, halafu uje unisimulie.

Kwa hiyo kila akipita mtu nilizima, nikasubiri jiwe lisimame, nikatua mashine, nikavua miwani, nikasalimia. Walipita wauza dagaa. Wakapita wapagazi. Akapita dereva wa bodaboda kutoka Gungu ambaye hakuwa hata na abiria, alikuja kusalimia tu. Mpaka jua linafika utosini nilikuwa nimekata bolti mbili. Nikazungusha kamba kuizunguka boti, nikaifunga vitambaa vyekundu ili watu wabaki nje. Walibaki nje kweli. Wakawa wanasalimia kutoka kwenye kamba, kwa sauti kubwa zaidi.

Ndipo akaja Baba Mkubwa. Jiwe lilikuwa katikati ya bolti. Nikaona viatu vyake, nikasikia sauti yake, nikamalizia kukata, maana hapo si pa kuchezea. Nilipozima na kugeuka ili nipige goti, alikuwa ameshaondoka.

Jioni habari zikanifikia kabla hata sijakunja waya. Marcelina amekua, hasalimii tena wakubwa. Eti asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nisipokwenda nyumbani kwake Rusimbi kesho asubuhi kuomba radhi, boti inachukuliwa, giza lisisubiriwe.

Nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili, nikahamia Kiha, maana Kiha kina matusi ya kushibisha.

"Dada, nenda tu," Julius aliniambia. "Piga goti, yaishe."

Julius ni kitindamimba wa Baba Mkubwa, na ndiye seremala niliyekuwa naye kwenye ile boti. Kwenye mbao ana mkono mwepesi sijaona mfano wake. Ila ana heshima hadi inakera. Utotoni, kila alipomtolea mtu mkono wa kushoto, baba yake aliuchapa fimbo papo hapo, mbele ya mgeni. Mpaka leo akisikia sauti ya mtu mzima mkono wake wa kulia unatoka wenyewe, hata kama anakula.

"Nitakwenda," nikamwambia. "Lakini grenda usiiguse mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

"Na kava usilitoe."

"Linanizuia kufika kwenye bolti za pembeni."

"Ndiyo kazi yake, Julius! Likuzuie!"

Akacheka. Mara ngapi nililifunga lile kava, naye akalifungua? Sikio la kufa halisikii dawa, lakini huyu hakuwa wa kufa, alikuwa na haraka tu. Alikuwa ananihurumia. Alitaka niikute kazi imesogea.

Asubuhi nikavaa kitenge cha heshima, nikaenda Rusimbi. Baba Mkubwa hayupo. Amekwenda wapi? Amekwenda Kibirizi kuiangalia boti. Nimeitwa nyumbani kwake kuomba radhi, na yeye amekwenda kazini kwangu! Nikapanda bodaboda huku nikisaga meno.

Niliona yote nikiwa bado juu kwenye mteremko. Nilimwona Julius ameinama chini ya boti, cheche zinaruka. Nilimwona Baba Mkubwa akiinua kamba yangu yenye vitambaa vyekundu kama mtu anayeingia chumbani kwake, akapita chini yake. Nikapiga kelele. Nani asikie, na grenda inalia?

Baba Mkubwa alisimama nyuma ya mwanawe, karibu kabisa, akasalimia. Julius akainua kichwa. Mkono wa kulia ukaachia mashine, ukatoka kwenda kwa baba yake. Wa kushoto ukabaki peke yake, na swichi alikuwa ameifunga ili isijizime. Jiwe likabanwa. Mashine ikapiga teke, ikaukuta mkono ulipokuwa unapita. Kava nililiokota mimi baadaye mchangani, likiwa zima, safi, halina hata mkwaruzo.

Vidole vitatu. Hospitali walifanya walichoweza, na walichoweza ni kumwokoa asiishiwe damu.

Baba Mkubwa alikaa kwenye benchi la nje, kofia mapajani. Halafu akasema, "Lakini alinisalimia."

Nilitaka kuiacha adabu yangu yote pale kwenye benchi na kumwambia niliyonayo. Nikasema tu, "Ndiyo, Baba Mkubwa. Alikusalimia."

Nikarudi Kibirizi kukata bolti zilizobaki. Safari hii hakuna aliyenisalimia. Watu walipita mbali na kamba wameinamisha macho, kimya, na ule ukimya ulinikasirisha kuliko kelele zao za mwanzo. Kumbe walikuwa wanaweza. Mbao nilimwita seremala mwingine, Edson, tukazimaliza pamoja. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hakuna anayekukataza kuyakasirikia.

Giza lilirudi na boti ikawa tayari. Asubuhi ya kuishusha watu walijaa, mabega kwenye mbao, wakisubiri neno. Kwetu haisukumwi mpaka mkubwa wa ukoo awape mkono mafundi wake. Nikapiga goti, Baba Mkubwa akanipa mkono. Akampa Edson. Halafu watu wakapisha, Julius akaja, mkono wa kulia umefungwa bandeji na kubanwa kifuani.

Akasimama mbele ya baba yake. Mkono wa kushoto ukatoka kidogo, ukasita, ukarudi nyuma ya paja. Niliona mabega yake yakipanda, kama ya mtoto anayeijua fimbo inakotokea.

Baba Mkubwa akanyoosha mikono yake miwili. Hakumwita, hakumhimiza. Watu walikuwa wamejikunja kwenye boti, migongo inauma, jua linapanda, na yeye alibaki pale ameinyoosha, macho kwenye mchanga, mpaka Julius alipokuwa tayari kumpa ule wa kushoto.

Wengine walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshika kamba ya boti, naisikia inanikata viganja kwa jinsi nilivyoikaza.

Kumbe kusubiri anajua.