Kayaki Huchaguliwa Maji Yakipwa

Upepo wa kaskazini ulivuma usiku kucha, na kulipopambazuka kinamasi cha nyuma ya nyumba ya Odalie Verdin kilikuwa kimemwagwa kama beseni. Maji mengi yalikuwa yamesukumwa baharini, kuelekea Ghuba. Matope yalibaki wazi yakimetameta, na korongo weupe walitembea mahali ambapo juzi mashua zilipita. Odalie alisimama gatini na kikombe chake cha kahawa nyeusi, moyo wake mweupe. Siku aliyoingoja ilikuwa imefika.

Elward Pitre, mwenye duka la vyombo vya kuvulia kule Houma, hakuiona hivyo. Alikuwa amekuja na tela lenye kayaki mbili, vimashua vyembamba vya mtu mmoja, za kukanyaga kwa miguu, ili Odalie azijaribu na kuchagua moja. Wateja wake wengine hujaribia kwenye mfereji wa nyuma ya duka, wenye maji ya kina, wakatabasamu, wakanunua, wakaenda zao. Huyu alikataa. Alimwambia kwa simu asije mpaka upepo ugeuke, kwa sababu maji yakijaa hata mlango wa kabati huelea.

Shida ya Odalie ilikuwa bega. Miaka na miaka ya kunyanyua madema ya kaa ilikuwa imelimaliza bega la kushoto, na sasa hakuweza tena kupiga kafi, wala kusukuma mtumbwi kwa upondo kama baba yake alivyomfundisha. Miguu ilikuwa mizima. Asipopata chombo cha kuendeshwa na miguu hiyo, ingembidi avue katika mashua ya kaka yake, Curley. Curley alikuwa mtu mwema, lakini alifungua mdomo kabla ya kufungua kamba ya mashua, na hakuufunga mpaka jioni. Alimchagulia dada yake chambo, alimwonyesha pa kutupa mshipi, na samaki akinasa, alimpokonya ufito wa mshipi ati amsaidie. Odalie alitaka kuvua peke yake na kimya chake. Hilo tu.

Curley mwenyewe alikuwa ameshafika asubuhi hiyo, ameegesha mashua yake ya injini mferejini, anakula soseji ya wali na kuzitazama kayaki zikishushwa.

"Baiskeli imechoka barabara, sasa inataka maji," alisema.

Elward alicheka kwa adabu. Odalie hakucheka.

"Mdogo wangu, tupatane," Curley akaendelea. "Ukikwama nikaja kukuvuta, haya mambo ya kukanyaga yameisha. Unapanda kwangu, na kahawa unapika wewe."

"Na nisipokwama?"

"Utakwama."

Odalie akasema haya, akaingia katika kayaki ya kwanza.

Hiyo ilikuwa na rafadha chini, panga la kusukuma maji, inayozungushwa kwa pedali kama za baiskeli. Mferejini ilikwenda vizuri mpaka akaona haya kwa jinsi alivyokuwa akitabasamu. Akikanyaga kinyumenyume, nayo ilirudi nyuma papo hapo, bila ubishi. Elward alimweleza kwamba wengi huipenda kwa sababu hiyo, maana samaki mkubwa akitaka kukuvuta kwenye miamba ya chaza, unarudi naye nyuma. Odalie aliielewa faida hiyo. Lakini alipoingia kwenye njia nyembamba ya kwenda vidimbwini, ndani ya kinamasi, majani yaliyolala chini ya maji yalijisokota kwenye rafadha, na pedali zikawa nzito kama za kusaga mahindi. Ilimbidi aivute juu kwa mikono miwili, aichambue, aishushe tena. Alifanya hivyo mara kadhaa. Kila mara bega lilimjibu. Akarudi gatini taratibu, akaipapasa kayaki ile ubavuni kama mtu anayemwaga mchumba mzuri.

Ya pili haikuwa na rafadha. Chini yake palikuwa na mapezi mawili laini yanayopepea huku na huku, na pedali zake hazizunguki, unasukuma mguu huu, kisha huu. Elward alimwonyesha kwamba ukisukuma mguu mmoja mpaka mwisho, mapezi yote mawili hulala chini ya tumbo la kayaki kama viganja vilivyokunjwa. Akakiri kwamba hii kurudi nyuma ni mvivu. Odalie akasema hata yeye.

Majani hayakuishika. Ilipita juu yake ikiyachana kama kitana, na kabla hajafikiri sana alikuwa ndani ya kidimbwi. Kule mbele, mkia wa shaba wenye doa jeusi ulitokeza juu ya maji, samaki akiwa kichwa chini anachimba kaa. Odalie akamwendea moja kwa moja, akakata juu ya kilima cha matope, kama ambavyo Verdin yeyote angefanya. Watu wa mitumbwi hawatazami chini, kwa kuwa mtumbwi hauna kitu chini. Mapezi yakazama matopeni, kayaki ikasimama ghafla.

Mkono wake ulikwenda wenyewe kutafuta upondo. Hapakuwa na upondo, na hata ungekuwepo, bega lisingekubali. Nyuma yake akasikia injini ya Curley ikiwaka. Basi, akawaza, ndiyo nimekwisha. Aliona siku zake zote zijazo, ameketi kwenye ubao wa mbele, anaambiwa pa kutupa.

Akaegemea upande mmoja, akasukuma mguu wa kulia mpaka mwisho, polepole, bila kushindana na tope. Mapezi yakajing'oa, yakalala. Kayaki ikayumba, ikawa nyepesi. Akaanza kukanyaga kidogokidogo, hatua za kuku, na matope yakamwachia.

Alipogeuka, injini ilikuwa imenyamaza. Curley alikuwa amemtazama dada yake badala ya kuyatazama maji, akaipandisha mashua kwenye mdomo wa kidimbwi, na sasa ilikuwa imekaa juu ya tope kama bata anayeatamia.

Odalie alimsogelea.

"Umekwama, kaka?"

"Nimesimama kidogo."

"Injini imetema matope."

"Nilikuwa naisafisha."

Alimwacha aisafishe kidogo tena. Kisha akamwambia ampe nanga. Curley alitazama gatini, ambako Elward alikuwa amejitia kukagua matairi ya tela, halafu akaishusha nanga kwenye kayaki, ncha ya kamba yake akabaki nayo mkononi. Odalie alikanyaga nayo mpaka mferejini penye kina, akaisukumia majini, ikashika chini. Curley akavuta kamba huku akiguna, na mashua ikateleza kinyumenyume mpaka ikaelea.

Elward aliuliza kutoka gatini ni ipi basi.

"Hii," Odalie alisema. "Ile nyingine pakia urudi nayo. Hii sitoki ndani yake sasa hivi."

Curley alikuwa akikunja kamba yenye matope. Odalie akaanza kuondoka.

"Dada," akamwita. "Yule samaki wa kule ndani utamtupia chambo gani?"

Odalie alisimamisha miguu. Hilo alikuwa hajawahi kuulizwa.

"Kaa," alisema. "Nusu kaa, bila gamba."

Curley akaitikia kwa kichwa. Odalie akarudi kidimbwini, safari hii akikizunguka kile kilima cha matope.