Ndagala za Iriza

Aliyetufumbua macho ni bata wa jirani. Nasema hivyo bila kuogopa, ingawa Émilienne mpaka leo anadai kwamba alikuwa ameshaanza kushuku. Hakushuku kitu.

Mimi na Émilienne ni relais, wahudumu wa afya wa mtaa wetu hapa Baraka, kando ya ziwa. Tunazunguka nyumba kwa nyumba kuwaangalia wanawake wenye mimba na wale waliojifungua juzijuzi. Ninamwita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa, na tunatembea wawili: mimi Solange nabeba utepe wa kupima mkono, yeye anabeba kitunga. Hakuna aliyemtuma kubeba kitunga. Lakini yaya anaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni, na kwake hakuna ugonjwa duniani usiotibiwa na ndagala. Ukimwambia jino linakuuma, atakuuliza jana ulikula nini.

Katika wote tuliowatembelea, alimpenda Iriza kuliko wengine, ingawa alijitahidi kuficha. Iriza aliteremka kutoka milima ya Bibokoboko wakati wa vita, na njiani mimba yake ya kwanza ikatoka. Sasa alikuwa na ya pili. Éliezer, mume wake, alikaa naye kidogo huku chini, kisha akarudi milimani kuchunga ng'ombe waliobaki. Binti akabaki peke yake katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Félicité. Kila tulipomfunga utepe mkononi, ulisimama kwenye njano, alama ya mtu asiyekula vya kutosha. Nesi wa kituo alituambia wazi: ukiingia kwenye nyekundu, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, na huyu naye tutampoteza.

Kwa hiyo ndagala zilikwenda. Maharage hutoka milimani, na njia ilikuwa imefungwa. Nyama hatukuiota. Ziwa tu ndilo lilikuwa halijagombana na mtu. Wako waliotuuliza pale bombani kwa nini samaki wetu wapelekwe kwa watu wa juu. Yaya akatua kitunga chini.

“Ile mutoto ikizaliwa, italia,” alisema. “We utasikia inalia mu luga gani?”

Hawakuuliza tena. Hakuna anayependa kuuchokoza ulimi wa yaya mara mbili.

Iriza alipokea ndagala kwa mikono miwili kila safari, macho yakitazama chini.

“Zile za siku ile, ulikula?” yaya angeuliza.

“Ziliisha, mama.”

Na kweli chungu kilikuwa kitupu. Utepe ndio uliokataa. Ulikuwa unarudi nyuma, taratibu, mpaka ukagusa ukingo wa nyekundu. Yaya akaongeza ndagala.

Asubuhi moja tulikuwa tunaingia uani, bata wa Félicité akatoka mbio. Alikuwa amenenepa hata anatembea kwa kuyumba. Alinipita mimi kama hanioni, akaenda moja kwa moja kwa yaya, akatia kichwa chote ndani ya kitunga. Félicité alikuwa anafua pale kando, akaangua kicheko.

“Huyu ni rafiki yenu! Kila mara mukitoka, anakulaka kwa Iriza.”

Yaya hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliingia chumbani, akaketi kwenye kigoda, akaweka kitunga mapajani.

“Juu ya nini ulinidanganya, mutoto yangu?”

Iriza alianza kulia. “Sikudanganya, mama. Nilisema ziliisha.”

Nusura nicheke. Yaya akanitazama, nikaacha.

“Kwetu ku nyumba hatukulaka samaki,” Iriza akasema. “Bengine banakula, siku hizi banakula sana. Lakini mama mukwe alinifundisha. Bibi ya muchungaji akikula samaki, maziwa ya ngombe inakauka, kisha ngombe inakufa. Éliezer iko kule na ngombe zetu, Gaju na Bihogo. Njo vyote tulibakia navyo. Sasa mi nikikula, halafu kitu kimupate...” Akafuta macho kwa kitenge. “Na we ulikuwa unakuya na roho muzuri. Nilishindwa kukataa.”

Mimi sina subira. Nilikuwa tayari na maneno yangu yote: habari ya damu, habari ya mtoto, habari ya watu wanaoendelea kuamini mambo ya zamani. Nilipofungua mdomo tu, yaya akanikanyaga mguu.

“Bwana yangu akiwa ku ziwa,” alimwambia Iriza, “mi sikufagiaka nyumba mpaka arudie. Na mi ni mukatolike.” Akavuta pumzi. “Nani anaweza kukupa ruhusa?”

“Mwenye ngombe.”

Éliezer alikuwa akipanda kilima kila Jumapili kutafuta mtandao. Jumapili hiyo tulitoka misani, tukamkuta Iriza naye ametoka kwenye ibada yao, ameshika simu, uso umechangamka. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya furaha. Alitueleza kwamba kila Jumapili Éliezer humpa habari za ng'ombe: Gaju alikuwa anachechemea, sasa amepona, Bihogo amezaa, na ndama ni mtundu, anakula kofia za watu. Alicheka akisimulia. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Simu ilipolia, yaya akaiomba, akaiweka kwa sauti kubwa.

“Éliezer, mi ni mama Émilienne. Tuseme Kiswahili, sote tusikie. Bibi yako iko anakonda. Anakataa samaki juu ya ngombe zako, na mutoto iko mu hatari. Umupe ruhusa akule.”

Upepo wa kilimani ulivuma ndani ya simu, yaya akaisogeza karibu nasi.

“Mama, munisamehe,” Éliezer akasema. “Ngombe haziko.”

“Haziko namna gani?”

“Benye bunduki balizipeleka zote, toka mwanzo ya mvua. Bihogo haikuzalaka. Nilikuwa nazungumuza tu. Iriza alikuwa anacheka nikisema juu yao, njo nikaendelea. Niliogopa akijua, hii mimba nayo itatoka.”

Nilitamani kuwachapa wote wawili, kisha niwakumbatie. Mmoja alikuwa anajinyima chakula kwa ajili ya ng'ombe ambao hawapo tena, na mwenzake alikuwa anawalisha ng'ombe haohao kwa maneno, ili yeye acheke. Na kila mmoja alidhani anamlinda mwenzake.

Iriza alimnyang'anya yaya simu, akaanza kufoka kwa lugha yao. Sikuelewa neno ila Gaju na Bihogo. Akafoka, akalia, kisha sauti ikashuka, akauliza kitu kifupi na kusikiliza jibu kwa muda. Baadaye alituambia alichouliza: wewe mwenyewe unakula nini huko?

Simu ilipokatika, alijipangusa uso.

“Mama Émilienne, fungua kitunga.”

Tulipika palepale, ndagala na sombe ya majani ya muhogo na mawese, bukari, ugali wetu, pembeni. Bata alikuja akasimama mlangoni, nikamfukuza kwa ufagio. Iriza alimeza tonge la kwanza amefumba macho, kama mtu anayemeza kinini.

“Iko na chumvi mingi,” akasema.

Naapa, kuna wateja waliofukuzwa ufukweni kwa maneno hayo. Nilimtazama yaya. Machozi yalikuwa yanamtoka.

“Ndiyo, mutoto yangu,” alijibu. “Iko na chumvi mingi. Kula.”

Na alikula. Utepe ulitoka kwenye njano, ukafika kijani kabla mimba haijatimia. Mtoto akazaliwa kwa wakati wake, msichana, mzito, mwenye sauti iliyosikika mpaka kwenye ngazi za materinite, nyumba ya kujifungulia. Alilia, kama yaya alivyosema, kwa lugha ya watoto wote.

Njia ilipofunguka, Éliezer akateremka. Tulikuwa tumekuja kumwangalia mtoto, tukamkuta amesimama mlangoni na fimbo yake ya kuchungia, haingii. Mwanaume wa kwao humletea mzazi maziwa, na yeye alikuja mikono mitupu. Yaya akamvuta kwa mkono, akamketisha, akamwekea sahani ya ndagala. Éliezer akaitazama sahani, akamtazama mke wake.

“Kula,” Iriza akasema, mtoto akiwa kifuani. “Mi nilikula.”

Alikula kidogo kidogo, kichwa chini, mpaka sahani ikaisha. Ndipo Iriza akamuuliza, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie:

“Na Bihogo?”

Éliezer aliinua uso. Akaiweka fimbo yake sakafuni.

“Bihogo iko muzuri,” akasema. “Inauliza kama mutoto iko ananyonya.”

“Uiambie iko ananyonya.”