Matundu Matatu ya Mraba

Malimi aliviweka chini vipande viwili vya ulimi wa plau tuliomuuzia, kimoja kando ya kingine, polepole kama mtu anayelaza mtoto, kisha akapandisha suruali kutuonyesha mguu. Kitambaa alichojifunga kwenye muundi kilikuwa kimelowa damu na tope. Hakufoka. Heri angefoka.

"Ng'ombe walikuwa wanavuta vizuri," alisema. "Nikasikia mlio, plau ikaruka, ikanirudia. Angekuwa mwanangu ndiye ameishika, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Ni miaka mitano sasa. Ilikuwa asubuhi ya Novemba, uani kwetu Dutwa, chini ya bati chache ambazo mume wangu Januarius aliziita karakana. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshuka, na kila mwenye jozi ya ng'ombe alikuwa shambani akiiwahi pamba. Januarius alisimama na grainda mkononi, uso wake umekauka. Baba yake, Mzee Mayige, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na tanuru. Yeye hakuvitazama vile vipande. Alinitazama mimi.

"Nilisema," akasema. "Tangu kiangazi nilisema. Mwanamke akizoea moto wa chuma, chuma kinakataa kazi."

Ukoo wao ni wa wahunzi. Babu yake na babu wa babu yake walifua majembe kabla ya hayo ya dukani kufika Usukuma, na katika nyumba zao mwanamke hakukatiza mbele ya tanuru, sembuse kuligusa. Mimi nilizaliwa Binza, Maswa, kwa fundi cherehani, na nilipoolewa nilikuja na cherehani yangu na mkasi wa mama. Kwa miaka mingi nilishona upande wangu wa ua na Januarius akagonga upande wake. Lakini kiangazi kile alianza kutengeneza ndimi za plau kutokana na springi za malori yaliyokufa, na tanuru lilihitaji mtu wa kuzungusha mvukuto, ambao ulikuwa rimu ya baiskeli na feni ndogo nyuma yake. Nilizungusha. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu lote.

Ulimi ni lile bamba la mbele linaloingia ardhini. Hushikwa na bolti tatu, na kila bolti ina shingo ya mraba chini ya kichwa. Tundu likiwa la duara, shingo huzunguka humo ndani. Utakaza nati hadi jioni na haitakaza. Ndiyo maana tundu lazima liwe la mraba, na hapo ndipo watu wanapotofautiana. Duara hutobolewa na keekee yoyote. Mraba hautobolewi. Mraba unachongwa, upande kwa upande, na anayeuchonga lazima aitake kazi hiyo.

Januarius alikuwa amepata njia ya mkato. Alichukua grainda, akachora mistari minne inayokatana, akapitisha jiwe juu ya kila mstari, na kwa dakika kumi tundu likawa tayari. Lilipendeza kwa mbali.

Niliinama nikaviokota vile vipande. Nilivigusanisha, nikafuata ule ufa kwa kidole. Haukupita katikati ya bamba, wala pale chuma kilipokuwa chembamba. Ulianzia kwenye kona ya tundu, ndani ya mkwaruzo mdogo ambao jiwe la grainda lilikuwa limeuacha lilipopitiliza mstari. Mkwaruzo kama huo ulikuwa kwenye kila kona. Kona kumi na mbili, mikwaruzo kumi na miwili, na mmoja ulikuwa umefunguka.

Ufa huo niliujua. Nilikuwa nimeuona maisha yangu yote, kwenye mifuko ya mashati.

"Baba," nilisema, "ufa umeanzia kwenye kona. Grainda imepitiliza. Hata nguo iko hivyo. Ukikata kona ukapitiliza uzi mmoja, siku moja mfuko wote unachanika."

"Mama Eliza," Januarius alinong'ona. Ilikuwa ombi ninyamaze, na katika sauti ile nilisikia kwamba alikuwa ameshauona ufa kabla yangu.

"Chuma si kitambaa," Mzee Mayige alisema.

"Kweli, baba. Kitambaa kikichanika hakimkati mtu mguu."

Malimi alikohoa. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na maneno yakitoka ni kama ng'ombe waliokwisha kulivuka zizi. Nilimgeukia. "Nipe siku tatu. Nitatengeneza mwingine kwa mikono yangu. Nitauleta shambani mwenyewe, na nitakuwapo ukifungwa."

"Mimi nataka kulima tu, mayu," alisema Malimi, akiniita mama kwa Kisukuma.

Mzee alisimama, akaielekeza fimbo yake kwenye kile kibanio cha chuma cha mezani. "Ukiligusa jiliwa hilo, sitakula tena chakula cha mkono wako."

Kwetu neno kama hilo halisemwi ovyo, na halijibiwi. Nilijua majirani walikuwa wameacha kutwanga ili wasikie. Nilijua pia kwamba nikikaa kimya, nitakuwa mchawi wa chuma hadi nizeeke. Kila plau itakayovunjika kuanzia Dutwa hadi Bariadi itavunjwa na mimi.

"Nitamwambia mjukuu wako Elizabeth akupikie, baba," nikasema.

Siku hiyo hiyo nilianza. Kipande cha springi nilikichoma, nikikimbia kati ya moto na mvukuto, hadi kikawa chekundu kama pilipili, nikakifukia kwenye majivu kipoe polepole hadi kesho yake, maana springi ikiwa ngumu huila keekee badala ya kuliwa. Kilipolainika nilikibana kwenye jiliwa. Nilipima kwa bolti yenyewe, nikachora miraba mitatu kwa ncha ya msumari. Kisha nikafanya jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Tundu la kifungo cha koti, fundi mzuri hulimalizia kwa kiduara kidogo mwishoni, ili kitambaa kisiwe na pa kuanzia kuchanika. Basi kwenye kila kona ya kila mraba nilitoboa kwanza kitundu kimoja chembamba. Vinne kwa mraba mmoja, kumi na viwili kwa ulimi mzima. Halafu nikatoboa tundu kubwa katikati, na kilichobaki nikakipa tupa.

Tupa haina haraka. Husukumwa mbele, huinuliwa, hurudishwa, na kila msukumo huondoa vumbi ambalo hungelisikia kwenye jicho. Adhuhuri ya siku ya pili viganja vyangu vilikuwa vimetoa malengelenge, na malengelenge yamepasuka. Nilifunga vitambaa nikaendelea. Wanawake waliokuja kuchukua nguo zao walisimama kwenye mlango wa ua, wakanisalimu "mwadila" kwa sauti ya msibani, wakaondoka bila kuuliza nguo.

Januarius alikuja akakaa kwenye gogo.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Alipoweka vile vipande chini."

"Na ukanyamaza."

"Ni baba yangu."

"Na mimi ni nani?"

Alinyoosha mkono kuichukua tupa. Sikumpa. "Ukitaka kunisaidia," nilimwambia, "nenda kamwambie ulichoniambia mimi." Aliinuka, akasimama akiuelekea mlango wa baba yake, nikahesabu misukumo ya tupa: ishirini, thelathini. Kisha akaondoka kuelekea barabarani.

Lakini siku ya tatu kazi ilinishinda peke yangu. Chuma kilichopozwa kwa majivu ni laini, lazima kichomwe tena na kuzamishwa kwenye oili chafu ili kirudishe ugumu, na hapo panahitaji watu wawili, mmoja kwenye moto, mwingine kwenye mvukuto. Nilikuwa nimeshika koleo, nikitazama huku na huku, ndipo Januarius alipokuja, akakaa mahali nilipokuwa nikikaa mimi, akaanza kuzungusha ile rimu. Mzee Mayige alikuwa mlangoni kwake. Alimwona mwanawe akivukuta na mkamwana wake akigeuza chuma motoni. Alitazama hadi mwisho, hadi oili ilipofuka moshi, kisha akaingia ndani.

Kesho yake tulikwenda kwa Malimi. Habari ilikuwa imetutangulia. Watu walikuwa wamesimamisha baiskeli barabarani kana kwamba panagawiwa kitu. Malimi aliugeuza ulimi mikononi, akavitia vidole kwenye vile vikona vya duara, akasita.

"Mke wangu," alisema, akimtazama Shida aliyekuwa amewashika ng'ombe, "unaonaje?"

"Funga," alisema Shida. "Mvua haiwangojei wazee."

Nilizisukuma bolti kwa kidole gumba. Zote tatu ziliingia kwa shida kidogo, kama mguu kwenye kiatu kipya, zikakaa. Januarius alikaza nati kwa spana. Hakuna iliyozunguka. Malimi akapiga hatua kwenda kushika mikono ya plau, akachechemea.

"Mguu wako bado," nilisema. "Nitashika mimi."

Hakuna aliyecheka. Wote walielewa. Ulimi ule ukivunjika, nitakayekatwa ni mimi.

Nilikuwa nimeshika plau mara chache tu, utotoni. Nilikunja kitenge, nikakaza mikono, Shida akawaongoza ng'ombe. Mbuga, huu udongo wetu mweusi, ikipata mvua moja tu huwa na utelezi juu na ugumu wa jiwe chini. Udongo mweusi ulifunguka, ukalala ubavu. Mkupuo wa kwanza ulifika mwisho wa shamba, tukageuka. Mkupuo wa pili, wa tatu. Katika wa nne plau ilikwama ghafla. Mikono yake ikanipiga kifuani, nikapiga goti. Ng'ombe walikuwa wanaendelea kuvuta, minyororo imekazika, na mbele ya ulimi kulikuwa na mzizi wa mgunga mnene kama mkono. Nilisikia chuma kikilia. Shida alitaka kuwasimamisha.

"Waache," nilimwambia.

Sijui hadi leo kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilikuwa nimechoka kungoja. Ng'ombe walivuta, mzizi ukalia, ukapasuka, plau ikasonga mbele nikiburutwa nyuma yake. Tulipofika mwisho niliiinua, nikapangusa udongo kwa kiganja. Kona kumi na mbili. Nilizikagua moja moja, na Malimi akazikagua baada yangu.

Ndipo nilipomwona Mzee Mayige kwenye ukingo wa shamba, ameegemea fimbo. Na Januarius alimwona. Alitembea hadi mbele yake, na kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo walio barabarani waliisikia, akasema: "Baba, zile kona nilizikata mimi. Haraka yangu ndiyo iliyomwumiza Malimi. Huyu hakugusa."

Mzee aling'oa fimbo yake udongoni. "Nimesikia," alisema.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi kwenda Kimali, huko Meatu, kwa mwanawe mwingine. Alimuaga Elizabeth. Alimuaga Januarius, aliyembebea mzigo na kurudi macho mekundu. Mimi nilisimama jikoni na kibuyu cha maziwa nilichokuwa nimemtayarishia, na hakukipokea. Sitasema hilo halikuniuma. Wako waliosema nimemfukuza mzee kwenye mji wake, na wako ambao mpaka leo hupita mlangoni kwetu wakiwa na plau mbovu begani wakaenda hadi Bariadi mjini. Wapite. Wengine huja, na wakimuuliza Januarius bei ya ulimi, huwaelekeza kwangu kwa kidevu na kurudi kwenye mvukuto.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, kondakta wa basi la Meatu aliniletea mzigo uliofungwa kwenye gunia. Ndani kulikuwa na bamba la ulimi lisilotobolewa hata kidogo, limefuliwa kizamani, kwa nyundo. Alama za nyundo zilikuwa zimepangana kama magamba ya samaki. Kwenye bamba ilikuwa imefungwa bolti moja ya zamani kwa uzi wa katani, ili nipate kipimo. Hapakuwa na barua. Sikuwa na haja ya kuuliza ni mkono wa nani.

Nilichonga matundu matatu, siku mbili nzima. Nilipomaliza nililiandaa kulirudisha Kimali kwa basi lile lile, bila salamu wala neno. Niligeuza bamba upande wa chini, nikachukua tindo na nyundo, nikaandika jina langu, si Mama Eliza, bali Joyness. Januarius alisema udongo wa Kimali utalifuta kabla ya pamba kutoa maua.

Niliirudia kila herufi, nikaichimba tena.