Mtu wa Kumi na Nane

Kifuniko cha kalamu kilikuwa bado mdomoni mwangu Bwana Nitin alipouona mwandiko.

"Brigid, umefanya nini? Futa."

"Sifuti."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye maktaba ya Kings Heath, huku ughaibuni, milango haijafunguliwa. Mabango sita yalisimama ukutani, yote yakisimulia maisha ya nyambizi moja ya Wajerumani, U-786. Bwana Nitin alikuwa ameifuatilia miaka kumi na mmoja, tangu astaafu uhandisi: siku iliyoshushwa majini, doria zake tatu, meli nne ilizozamisha, mpaka bomu la ndege lilipoipeleka chini na watu wake wote. Kati yetu, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa shangazi yake, Bi Dipika, miaka tisini na mmoja, shali magotini. Mimi ni mtunzaji wake. Shule niliishia darasa la nane, huko Voi, na mwandiko wangu bado unasimama wima kama mwalimu alivyoutaka. Huo ndio ulioharibu bango la nne.

Kwa mwaka mzima nilikuwa nikishuka basi Soho Road kila asubuhi na kupanda hadi nyumbani kwao Handsworth. Kazi yetu ni karatasi. Mgonjwa akila, andika. Akijikuna, andika. Juu ya friji palikuwa na faili la bluu, na ndani yake karatasi ya maji: safu ya uliyompa, safu ya aliyokunywa, safu ya maelezo. Nilimpa mililita mia mbili, akanywa mia na hamsini. Kesho yake vile vile. Halafu anakinyoosha kikombe kwa aliye karibu. "Hii yako."

Walionitangulia walimwaga kwenye sinki na kuandika: anakataa maji. Daktari akasoma, akaagiza aongezewe. Nikampa mia tatu. Akabakisha hamsini.

Mimi si mtu wa haraka. Nilimtazama miezi minne. Anayekataa maji hakabidhi kikombe kwa mikono miwili.

Siku moja ya Februari nikakipokea, nikanywa. Hairuhusiwi. Bi Dipika akanitazama kama mtu aliyegonga mlango siku nyingi na leo umefunguliwa.

"Sasa keti," akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa, kitamu kuliko changu. "Aliyenifunza kusema hivi ni yaya wangu. Mwanamize binti Shee."

Mwaka 1944 alikuwa na miaka kumi, akirudi Mombasa kutoka Bombay na baba yake na huyo yaya. Topido iliwapiga baada ya chakula cha mchana, sahani bado mezani. Walipokuwa kwenye mashua ya kuokolea, nyambizi ikaibuka, nyeusi, maji yakitiririka mbavuni. Mwanamume mwenye kofia akauliza kwa Kiingereza jina la meli, akaliandika kitabuni, akawatakia heri, akaondoka na chombo chake chini ya maji.

"Alikuwa na adabu," Bi Dipika akasema. "Aliuliza jina la meli. Sisi hakutuuliza."

Maji yaligawiwa kwa kikopo cha bati, mara tatu kwa siku. Kila mara Mwanamize alibakisha chini kidogo, akampa mtoto. Hii yako. Siku ya sita hakuamka. Siku ya tisa meli ikawaokota, na waokoaji wakahesabu vichwa vilivyo hai.

Jioni ile ile nilimkuta Bwana Nitin jikoni, mabango yametandazwa mezani. Bango la nne lilisema: Mashua ya pili, watu kumi na saba, wote waliokolewa. Bango la sita lilikuwa na majina ya Wajerumani hamsini na wawili waliokufa na nyambizi. Hata mpishi wao alikuwa na jina, na tarehe ya kuzaliwa, na mji.

"Yule yaya mbona hayupo?" nikauliza.

"Abiria wa sitaha hawakuandikwa, Brigid. Huenda alikuwepo. Lakini mimi naenda na documents, siwezi kuweka huenda kwenye bango." Akavua miwani. Shangazi yake humwita Foi, kwa lugha ya kwao. "Foi amezeeka. Jana ameniita kwa jina la baba yangu."

"Jina la yaya hajalikosea hata mara moja."

"Na wewe historia umesoma wapi?" Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniingia zaidi.

"Sijasoma. Nimekaa naye."

Sauti ikatoka sebuleni, ya mtu tuliyedhani amelala. "Nitin, nataka kuliona jina lake kabla sijenda. Ni hilo tu."

"Tutaona, Foi," akajibu, akakunja bango. Na mimi nikaiona ile "tutaona" ilivyokunjwa nalo.

Kwa hiyo Jumamosi nilikuja na kalamu ninayoandikia majina kwenye nguo za wagonjwa. Hiyo haitoki kwa maji wala kwa sabuni. Nikakata ile kumi na saba kwa mstari mmoja, nikaandika: Kumi na wanane. Mwanamize binti Shee, yaya. Alikufa siku ya sita.

Bwana Nitin alitoa leso, akailowesha kwa ulimi, akaanza kusugua. Bi Dipika alikuwa akisoma, midomo ikicheza. Parveen wa maktaba akaja na funguo mkononi, akamletea kikombe cha maji, akasema bado dakika mbili. Bi Dipika akanywa taratibu. Alipofika kiwango chake cha siku zote, akakinyoosha kwa mikono miwili. Si kwangu.

"Hii yako, Nitin."

Kikombe kile hakipokewi kwa mkono mmoja. Ilibidi aiache leso.

Milango ikafunguliwa, watu wakaingia, wakamkuta amesimama hivyo mbele ya bango.

Jioni nilijaza karatasi. Aliyopewa: mia mbili. Aliyokunywa: mia na hamsini. Kwenye safu ya maelezo nikaandika kwa Kiswahili: hamsini ni za Mwanamize binti Shee. Jumatatu ofisi iliyoniajiri ikanipigia simu kunikumbusha kwamba faili ni la Kiingereza na niyaondoe maneno yale. Nikawaambia nitawatafsiria wakitaka. Kuyaondoa, hapana, nilikuwa nimetumia kalamu ile ile.