Mashine Mbili na Mkono Mmoja

"Wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba Kamati ya Uteuzi wa Mashine ya Vijitabu itakutana kesho saa nne kamili katika ukumbi mdogo, na kwamba vikombe vyenye kingo za bluu ni vya wajumbe pekee."

Mama Pini alilisoma tangazo hilo ubaoni huku mkono wa kulia ameuficha kwapani kama mtu mwenye baridi. Hakuwa na baridi. Kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikuwa vimekufa ganzi tangu alfajiri, na mdogo wake ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi kabla hajatoka nyumbani. Daktari alikuwa amemweleza bila kumung'unya maneno: akiendelea kukunja karatasi na kubana pini kwa mkono, mkono huo utabaki pambo.

Taasisi yao ilichapa vijitabu vya usalama kazini. Jalada la toleo la karibuni lilikuwa na picha ya mwanamume anayetabasamu huku akiinua sanduku kwa namna iliyoidhinishwa. Kila nakala ilipitia mikononi mwa Mama Pini. Alikusanya kurasa, akazikunja, akaukandamiza mkunjo kwa rula ya mbao, akabana pini mbili mgongoni, kisha akakata kingo.

Kesho yake muuzaji alileta mashine mbili. Ndogo ilitosha mezani, ikikunja na kubana. Kubwa ilikunja, ikabana na kukata kingo yenyewe. Mama Pini alipoulizwa anapendelea ipi, alijibu, "Yoyote. Hata hiyo ndogo. Hata leo."

Mwenyekiti wa kamati, mkuu wa utawala aliyeitwa Bwana Kifungu kwa kuwa hakukohoa bila kutaja kifungu cha kanuni, alilisimamisha jaribio kabla halijaanza.

"Karatasi iliyochapwa ni waraka," alisema. "Waraka hauingizwi katika chombo kisicho mali ya taasisi."

"Sasa mzee, nizilishe nini?" muuzaji aliuliza. "Majani?"

"Karatasi tupu."

Mashine zikalishwa karatasi tupu, zikatema vijitabu vyeupe pe. Wajumbe wakavifunua ukurasa baada ya ukurasa kwa uso wa watu wanaosoma. Hatimaye mhasibu akainua mkono.

"Tutajuaje kama kurasa zimefuatana? Hazina namba."

"Hoja nzito," alisema Bwana Kifungu, ambaye maishani mwake hakuwahi kukutana na hoja nyepesi.

Damu ilimchemka Mama Pini. "Hazina namba kwa sababu mmezikataza kuwa na namba!"

"Tuliza moyo, dada. Kamati haina haraka."

"Mkono wangu unayo."

Katibu hakuliandika hilo. Kamati iliamua kutafuta kipimo: Mama Pini angetengeneza kijitabu kimoja kwa mkono, kwa karatasi zile zile tupu, nacho kiwekwe kando ya vile vya mashine.

Alirudi chumba cha uchapaji akiwa amefura. Mpiga chapa, ambaye alikuwa dada wa mumewe, alimvuta kando.

"Wifi, kikunje ovyo. Kipinde upogo. Pini moja iende kwao, nyingine ipotee njia. Halafu ulie kidogo."

"Nilie? Mbele ya yule?"

"Machozi hayakosi kifungu chake. Kitatafutwa."

Ushauri ulikuwa wa busara, na Mama Pini aliketi akiwa amedhamiria kabisa kuharibu. Alikunja karatasi kombo, akaitazama. Watu wangeishika hiyo mikononi na kusema hivi ndivyo akunjavyo Mama Pini. Hasira aliyokuwa ameiandalia kamati ikamgeukia mwenyewe. Aliikunjua, akainyoosha, akaanza upya. Gumba lilipogoma alikandamiza rula kwa kiganja, meno yameumana, na pini mbili zikakaa mgongoni sawasawa kama macho ya mtu mmoja. Alipomaliza, kijitabu hakikuwa na ila.

"Umejimaliza," alisema wifi yake.

"Najua. Usiniambie."

Ukumbini wajumbe walikipokezana, wakakipapasa mgongo, wakakilaza kando ya vile vya mashine. Mhasibu akaguna.

"Hivi mashine tunaitafutia nini?"

"Naumwa!" Mama Pini aliunyanyua mkono wake juu ya meza. "Huu hauhisi kitu. Nichomeni sindano hapa hapa muone kama nitashtuka. Cheti cha daktari mnacho!"

"Cheti tumekiona," alijibu Bwana Kifungu kwa upole uliomuudhi kuliko tusi. "Lakini na kazi tumeiona, mama. Hii si kazi ya mkono mgonjwa."

"Basi niachieni hiyo ndogo wakati mnafikiri!"

"Mimi naiacha mwezi mzima, bure," alidakia muuzaji.

"Kupokea kitu cha bure kabla ya uteuzi ni kushawishiwa. Kuna kifungu."

Mama Pini alikinyakua kijitabu ili akichane vipande viwili mbele ya macho yao. Vidole vilikataa. Alivuta, akavuta tena, machozi ya hasira yakimtoka, na karatasi haikuchanika hata ncha. Wajumbe walimsubiri kwa adabu. Kisha katibu akakitoa mkononi mwake taratibu, kisichafuke, akakitia katika bahasha ya vielelezo na kusimama kusoma uamuzi.

"Kamati, baada ya kujiridhisha, imeahirisha uteuzi hadi itakapoundwa kamati ndogo ya kuandaa vigezo. Na kwa kuwa toleo jipya haliwezi kusubiri, fundi wa vijitabu anateuliwa, kuanzia leo, kukaimu nafasi ya mashine."